Kabla Hujauliza "Huyu Ni Nani?": Namna ya Kuisoma Picha ya Mtu Nyeusi na Nyeupe

Watu wa Tanga na Bagamoyo tuliomo kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa au ya shule tumeshaizoea hali hii. Mtu anarusha picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mwanamke aliyesimama kando ya kiti cha nakshi, mkono mmoja juu ya egemeo, macho ameyakaza kwenye kamera. Haina jina wala mwaka. Haipiti saa moja majibu yamejaa: huyu alikuwa Mwarabu; huyu chotara; huyu suria wa mtu; tazama alivyonuna, watu wa zamani waliteseka; tazama dhahabu hiyo, hawa walikuwa matajiri. Jioni mwingine anairudisha picha ileile ikiwa imetiwa rangi na programu ya simu. Kanga imekuwa ya kijani, ngozi imekuwa maji ya kunde, na kuanzia hapo mjadala umefungwa: si mnaona wenyewe alivyokuwa!

Hatuoni. Na jambo hili si la mchezo, maana maneno hayo hayaishii kwenye simu. Yanaingia kwenye hadithi za koo. Wako ndugu wanaotiliana shaka ya nasaba kwa sababu tu babu mmoja ametoka mweupe kwenye picha yake na mwingine ametoka mweusi kwenye yake. Ninachotaka kukieleza ni hiki: mengi tunayodhani ni sifa za mtu aliye pichani, yaani rangi yake, ukali wake, utajiri wake, ni kazi ya kioo, dawa, taa na fundi. Yale ambayo ni yake mwenyewe yamo pia, ila yako mahali ambapo kwa kawaida hatutazami.

Kamera ilipima mwanga, haikuandika rangi

Tuanze na mepesi. Picha ya mtu, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo mtu amekaa au amekalishwa mbele ya kamera ili apigwe yeye. Siyo ile ya mtaani iliyomkuta akipita. Negativu ni ile ya kwanza inayotoka kwenye kamera, iwe bamba la kioo kama ilivyokuwa zamani au mkanda, ambayo mambo yake yako kinyume: kanzu nyeupe ni nyeusi, nywele nyeusi ni nyeupe. Kusafisha ni kuipitisha negativu kwenye dawa ndani ya chumba cha giza mpaka taswira ijitokeze, kisha kuihamishia kwenye karatasi, ambako weusi na weupe hurudi mahali pake.

Kinachofanya kazi hiyo yote ni chumvi za madini ya fedha zilizopakwa kwenye kioo, mkanda na karatasi. Palipoguswa na mwanga, dawa hugeuza chumvi zikawa chembe nyeusi. Pasipoguswa, chumvi huoshwa zikaondoka. Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo rangi inaandikwa. Ni kama mizani ya dukani: itakwambia kilo mbili, haitakwambia kama ni mchele au sukari. Kanga nyekundu na kanga ya kijani zikirudisha mwanga sawa, zitatoka kijivu kilekile, na hakuna mtu wala mashine itakayozitenganisha baadaye kwa kuitazama picha peke yake.

Kisha mizani yenyewe, kwa miaka mingi, haikuwa sawa. Mabamba ya mwanzo, tangu upigaji picha ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, yaliona vizuri mwanga wa buluu na kuukosa mwingine karibu wote. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba bamba likitiwa rangi maalumu linaweza kuona na kijani pia. Wekundu ukabaki nje. Filamu (yaani mikanda) nyeusi na nyeupe zinazoona mwanga wa rangi zote zilienea baadaye sana, hasa miaka ya 1920 na 1930. Kwa hiyo picha nyingi za pwani yetu za enzi ya Mjerumani zilipigwa kwa vifaa ambavyo kwavyo wekundu ni giza na ubuluu ni weupe.

Chukua kisutu, kanga ya arusi, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa jicho, wekundu wake ndio unaotangulia kukufikia. Kwenye bamba la wakati ule wekundu na weusi huungana kuwa kitu kimoja cheusi, na mchoro mzima hupotea, zikabaki nakshi nyeupe peke yake. Anayeitazama leo atasema bibi huyu alivaa nguo nyeusi, pengine ana msiba, kumbe yuko kwenye siku yake ya furaha. Shuka ya buluu nayo hutoka karibu nyeupe. Ndiyo maana mbingu katika picha za kale za bandari ya Tanga ni nyeupe tupu, hata kama siku ile hapakuwa na wingu hata moja.

Sasa ipeleke hoja hiyo kwenye ngozi. Ngozi ya binadamu, iwe ya mtu wa Pangani au ya mtu wa Berlin, hurudisha wekundu zaidi ya ubuluu. Bamba lisiloona wekundu humtoa kila mtu akiwa mweusi kuliko alivyo. Mzungu aliyepigwa na jua hutoka na madoa usoni ambayo wenzake hawakuyaona. Midomo huwa kama imepakwa wanja. Mtu wa rangi ya kahawia huzama. Ikaja filamu inayoona wekundu, na studio zikaanza kutumia balbu za umeme, ambazo mwanga wake una wekundu mwingi, mambo yakageuka: nyuso zikang'aa na midomo ikapauka. Mwanamke mmoja akipigwa Bagamoyo mwaka 1905 akiwa kigori, kisha Tanga mwaka 1955 akiwa bibi, anaweza kutoka kwenye picha hizo akiwa na rangi mbili ambazo hakuwahi kuwa nazo. Mwenye kujenga nasaba juu ya hapo anajenga juu ya dawa na balbu.

Liko tatizo jingine ambalo ni letu hasa, la kanzu. Kanzu nyeupe juani hurudisha mwanga mwingi mno, na uso mweusi chini ya kofia hurudisha kidogo, na mkanda mmoja hauwezi kuvibeba vyote viwili kwa raha. Fundi huchagua. Akiupa uso haki yake, kanzu inaungua, inakuwa kipande cheupe kisicho na mikunjo. Akiichunga kanzu, uso unazama. Ukishika picha ya mzee wa aina hiyo, tazama shingo ya kanzu. Kama unaweza kuhesabu mishono ya kola lakini huoni vizuri mboni za macho, basi fundi alipimia kanzu, na weusi wa uso ule usiuchukue kama habari ya mzee.

Halafu kulikuwa na penseli. Mafundi walichora juu ya negativu kwa penseli laini kuficha makunyanzi na makovu, na kila walipochora palitoka peupe zaidi kwenye karatasi. Mteja aliyetaka kutoka mweupe alitolewa mweupe. Picha nyingine zilipakwa rangi kwa mkono zikishakauka: midomo, mashavu, kito cha pete. Kwa hiyo hata rangi iliyowekwa miaka ile ilikuwa ya fundi.

Ndiyo sababu nasema programu za kutia rangi hazifichui chochote. Zimelishwa mamilioni ya picha za rangi, nazo hubahatisha: kijivu cha namna hii, penye nguo, mara nyingi huwa rangi fulani. Kisutu hazikijui. Zile za kung'arisha sura ni hatari zaidi, maana pale ambapo picha ina ukungu zinaweka kope, meno na mstari wa pua ambao haukuwamo. Unachokipata ni uso wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, akiwa amevaa nguo za bibi yako. Nawaomba wanaozitumia waandike juu yake kwamba rangi hizo zimebuniwa, na wairushe ya asili pamoja nayo.

"Mbona hawacheki?"

Jibu linalorudiwa kila siku ni kwamba kamera za zamani zilichukua dakika nyingi, na hakuna anayeweza kucheka dakika kumi. Lina ukweli kwa miaka ya mwanzo kabisa. Lakini kufikia miaka ya 1880 mabamba makavu yalikuwa yanatosheka na sehemu ya sekunde kwenye mwanga mzuri. Mtu aliyepigwa Tanga mwaka 1910 au 1935 angeweza kucheka akitaka. Hakutaka. Kupigwa picha kulikuwa jambo la heshima na la gharama, mtu aliliendea kama anavyoliendea baraza la wazee, na huko hakuna anayeonyesha meno. Tukisema amenuna tunamsingizia. Alikuwa ametulia kwa makusudi, na kwa watu wa pwani utulivu huo una jina: haiba.

Nusu ya "ukali" tunaouona ni jua. Saa sita mchana Bagamoyo jua linaanguka utosini, matundu ya macho yanakuwa mashimo na kivuli cha pua kinashuka mpaka mdomoni. Mtu mpole kuliko wote atatoka kama jabari. Msogeze mtu huyohuyo barazani saa kumi alasiri, mwanga uingie kwa upande na ukuta wa chokaa uurudishe kwenye shavu la pili, utamwona mtu mwingine. Kama picha ni safi, kuza mboni ya jicho. Utakuta kidoa cheupe, na kidoa hicho ndicho taa iliyotumika. Kikiwa na pembe nne, hapo palikuwa na dirisha au mlango. Vidoa viwili, taa mbili za studio. Nami naona hiki ni kipimo kizuri kuliko ubishi wowote, kwa sababu kinaweza kukudokezea kama mtu alipigwa nyumbani au alikwenda kwa fundi, na hilo linabadilisha maana ya kila kitu kingine.

Rangi ya kahawia nayo imewapotosha wengi. Wanadhani picha ya kahawia ni ya kale kuliko ya kijivu. Karatasi za karne ya 19 zilizopakwa ute wa yai kweli zilikuwa na ukahawia wake, lakini mafundi wa baadaye sana waliweza kuipata rangi hiyo kwa dawa ya salfa, kwa sababu ilidumu na ilipendeza. Leo simu inaipaka kwa kubonyeza mara moja.

Kiti, saa na pazia la studio

Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alisajili jijini Paris namna ya kupiga picha kadhaa kwenye bamba moja na kuzibandika kwenye kadi ndogo. Bei ikashuka, na mtindo ukaenea duniani pamoja na vyombo vyake: kiti, meza ndogo, nguzo ya bandia, pazia lenye bustani iliyochorwa. Pwani yetu iliupokea kupitia Unguja, ambako familia ya Gomes, Wagoa (watu wenye asili ya Goa, India), walikuwa na studio tangu karne ya 19, na ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Studio za Afrika Mashariki zilikuwa na koti la kuazima, tai ya kuazima, saa ya mkononi, redio, maua ya plastiki. Kwa hiyo saa iliyo mkononi mwa babu haituthibitishii kwamba alikuwa na saa.

Ila hapa ndipo wengi wanaogundua habari ya kuazima wanapokosea kwa upande wa pili, wakasema basi picha nzima ni uongo. Aliyeazima saa ametuambia jambo la kweli kabisa: alitaka watoto wake wamwone akiwa mtu mwenye saa. Alichagua. Mwingine mbele ya pazia hilohilo alikataa koti akabaki na kanzu na kofia yake. Huyo naye amesema.

Mfano mkubwa ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Picha yake maarufu inamwonyesha katika mavazi kamili ya kifalme ya Zanzibar. Wengi huitumia kama picha ya maisha ya kasri. Ilipigwa studio, Hamburg, akiwa ameshahama. Mavazi ni ya kweli na mwanamke ni wa kweli, lakini picha inaeleza mtu aliye ugenini anayevaa kwao mbele ya kamera ya Wajerumani. Asiyejua ilipigwa wapi anaipoteza habari yote iliyo nzito.

Angalia pia kama picha haijageuzwa kushoto kulia, jambo lililotokea negativu ilipowekwa upande usio wake. Kanga itakusaidia: kama ina maandishi na hayasomeki mpaka uyatazame kwenye kioo, picha imegeuzwa, na bangili unayoiona kushoto ilikuwa kulia. Vifungo vya koti la mwanamume vikifungwa kike, shuku vilevile. Marekani waliamini kwa miaka mingi kwamba jambazi Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto, kumbe picha yake ya bamba la chuma ilitoka kinyume, kama zilivyotoka picha zote za aina hiyo.

Nani alilipa?

Mwanzo niliandika "amekaa au amekalishwa". Kwangu hili ndilo swali kubwa kuliko la jina. Bibi aliyekwenda studio kwa hela yake, akachagua kanga, akaleta picha nyumbani akaiweka sandukuni, na msichana aliyesimamishwa mbele ya kamera na mgeni kisha picha yake ikauzwa kama postikadi Ulaya, wanaweza kuwa na sura, kanga na utulivu uleule. Picha zao si za aina moja.

Dalili zipo. Postikadi za enzi ya Mjerumani zikionyesha jengo huliandika jina lake, Boma la mahali fulani. Zikionyesha mtu, mara nyingi huandika kabila tu. Picha za mbele na za ubavu, bila kiti wala pazia, zinafuata mtindo ambao Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris aliupa utaratibu miaka ya 1880 kwa ajili ya wahalifu, na ambao wataalamu wa Ulaya waliutumia kuwapanga wanadamu kwa maumbo. Ukimkuta mtu wetu amekaa hivyo, usitafute tabia yake usoni. Alikuwa anapimwa.

Picha nyingi za zamani za Tanga na Bagamoyo tunazorushiana zinatokana na mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, ambayo mwaka 2008 iliweka maelfu ya picha za hifadhi hiyo mtandaoni wazi kwa wote. Hifadhi yenyewe inatahadharisha kwamba maelezo yaliyoambatana na picha yameachwa kama yalivyoandikwa awali, na kwamba yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Tahadhari hiyo haisafiri. Inayosafiri ni picha na lile neno moja aliloandika mkoloni, nasi tunalisoma kama cheti cha kuzaliwa. Picha za namna hiyo ni mali yetu pia, wale ni watu wetu. Nataka tuzitazame, tena kwa makini kuliko zile za studio, tukijua kwamba aliyesimama mbele ya kamera hakuulizwa jina.

Zile za sandukuni kwa bibi, ambazo hazimo kwenye hifadhi yoyote, ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa sababu zinaliwa na unyevu wa pwani na mende huku tukibishana juu ya za Ujerumani. Ukibahatika kuishika moja, shika kingo tu, kisha igeuze. Nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, namba ya oda, salamu, mara nyingine kwa herufi za Kiarabu. Kama ni postikadi, tazama mstari wa katikati unaotenganisha anwani na ujumbe: Wajerumani waliuruhusu mwaka 1905, kwa hiyo kadi ya Kijerumani yenye mstari huo haikuchapwa kabla ya hapo. Usiitoe kwenye kadi iliyobandikwa na usiifute kwa kitambaa chenye maji.

Kisha mkalie bibi karibu, wakati wa utulivu, siyo mbele ya watu. Usianze na "huyu nani?", kwa sababu akikosa jina atajiona ameshindwa na mazungumzo yatafungwa. Mwambie: "Shikamoo bibi. Hii mlipigiwa wapi? Nguo hizi zilikuwa zenu? Nani alitoa hela? Mlitaka kumpelekea nani?" Mtu aliyesahau jina la jirani wa mwaka 1958 hasahau kwamba kanga ile ilikuwa ya dada yake, wala kwamba picha ilikuwa ya kupelekewa mchumba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Rangi ya kanga nayo atakwambia. Yaandike majibu hayo kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, kwa maneno yake, pamoja na jina lake na tarehe aliyosema. Na ukitaka kuirusha picha kwenye kundi, piga pande zote mbili na uyaweke maneno hayo chini yake.